Boneti Ndefu na Sababu Zake

Mwenyekiti, wazee wetu katika ufundi, wenye magari ya spoti ya zamani mliokubali kuyatoa gereji leo, na nyinyi vijana wa vyuo na wa jua kali, hamjambo nyote. Asanteni kwa kunipa nafasi hii. Mimi ni fundi wa bodi. Nimenyoosha magari ya kila aina, ya zamani na ya sasa, na nitakayosema ni ya mtu aliyezoea kulijua gari kwa kiganja kabla ya kulijua kwa macho.

Kijana mmoja alinisimamisha mlangoni akaniuliza: "Mzee, haya magari mnayapenda kwa sababu ni mazuri, au kwa sababu mlikuwa vijana yalipotoka?" Nimemwomba akae mstari wa mbele, maana nataka kumjibu yeye kwanza.

Kijana wangu, kama ingekuwa ni kukumbuka ujana tu, tungeyapenda magari yote ya wakati ule sawasawa. Hatufanyi hivyo. Miaka ya sitini na sabini yalitoka magari mengi yenye sura mbaya, mazito, yaliyojazwa kromu ya mapambo, na leo hakuna anayeyatafutia spea Kirinyaga Road wala kuyaagizia vioo Uingereza. Yalichakaa, yakatupwa, yakasahauliwa. Haya machache yamebaki kwa sababu. Tena tazama umri wa wanaoyapiga picha. Wengi wamezaliwa baada ya mwaka 2000. Hawana lolote la kukumbuka kuhusu Datsun ya 1971, lakini wakiiona wanasimama.

Jibu langu ni hili, na mengine yote yanatoka humo. Gari zuri la spoti la zamani linaonyesha kwa nje kinachofanyika ndani. Kila uvimbe, kila tundu na kila urefu una kazi, na jicho la binadamu, hata la asiyejua injini, huitambua kazi hiyo. Magari mengi ya spoti ya leo yanakimbia kuliko yale, yanashika breki vizuri zaidi na yanamlinda dereva vizuri zaidi. Ila bati lake limeacha kutuambia ukweli.

Nianze na Jaguar E-Type, kwa kuwa hutajwa kila mara mazungumzo haya yanapoanza, na inastahili. Ilionyeshwa kwenye maonyesho ya magari ya Geneva mwezi Machi 1961. Aliyetengeneza umbo lake, Malcolm Sayer, alitokea kwenye kiwanda cha ndege cha Bristol, alikofanya kazi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaja Jaguar mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Alichokuja nacho ni hesabu za upepo. Mikunjo ya bodi aliikokotoa kwa namba, nukta baada ya nukta, kwa vitabu vya logi na rula ya hesabu, kabla kompyuta hazijaingia kwenye ofisi za wachoraji. Hesabu hizo zilizaa magari ya mbio ya Jaguar, C-Type, kisha D-Type iliyoshinda mbio za Le Mans za Ufaransa mara tatu mfululizo, 1955, 1956 na 1957. Kwa hiyo E-Type ilipofika sokoni, mawazo yaliyolizaa umbo lake yalikuwa yameshapimwa kwenye mbio za saa 24, usiku na mchana, jua na mvua. Sayer mwenyewe hakupenda kuitwa mtu wa mitindo. Alijiona mhandisi wa upepo.

Isogelee sasa kama fundi. Boneti na madigadi mawili ya mbele ni pande moja kubwa, nalo hufunguka kuelekea mbele, bawaba zikiwa puani, ukabaki umesimama kando ya injini na magurudumu mawili yakiwa wazi kabisa. Katikati ya boneti kuna uvimbe mrefu. Haukuwekwa ili gari lionekane lina misuli. Injini ya XK, silinda sita kwa mstari mmoja, lita 3.8, ina kamshafti mbili, zile fito zinazofungua valvu, juu ya kichwa, na injini ya namna hiyo husimama juu. Wakitaka boneti ishuke vile ilivyoshuka, lazima waipe injini nafasi pale katikati. Mipasuo iliyo pembeni ya uvimbe inatoa joto. Mdomo ni mdogo, kwa sababu upepo unaoingia kupita mahitaji ya rejeta, kile kipoza maji ya injini, unalirudisha gari nyuma. Taa zimefunikwa kwa kioo ili upepo uteleze. Nimeitazama boneti ile mara nyingi nikitafuta kitu cha kuondoa, na sijakipata.

Hapa kuna habari ya Norman Dewis, dereva wa majaribio wa Jaguar, nami siwezi kuipita. Watu waliotaka kupandishwa gari lile huko Geneva walikuwa wengi mno, gari moja likazidiwa, na William Lyons, mkuu wa kampuni, akaagiza la pili liletwe mara moja. Dewis akatoka Coventry, Uingereza, na gari lenye namba 77 RW, akaendesha usiku kucha kuvuka Ufaransa, akafika Geneva asubuhi. Fikiria wale waliokuwa wamepanga foleni. Hakuna aliyekuwa na kumbukumbu yoyote ya E-Type, maana ilikuwa na siku chache tu duniani, na bado walikuwa wakisukumana kuikaribia. Kijana wangu, wale hawakuwa wazee wanaolilia ujana.

Ushahidi ninaoutegemea zaidi uko kwenye yaliyofuata. Mwaka 1964 E-Type ilipewa injini ya lita 4.2, giaboksi laini zaidi, breki na viti bora. Ikaja Series 2 mwaka 1968. Kwa ajili ya sheria za Marekani vioo vya taa vilikuwa vimeshaondolewa, na kwa ajili ya kupoza injini mdomo ukapanuliwa. Taa za nyuma zikawa kubwa, zikashushwa chini ya bampa. Mwaka 1971 ikaja Series 3, silinda 12, lita 5.3, shasi ndefu zaidi, mdomo mpana wenye wavu wa kromu. Kwa mtu wa kwenda nayo kazini kila siku, kila toleo lilikuwa na nafuu kuliko lililotangulia. Lakini waulize wanaozinunua leo wanatafuta ipi, watakwambia zile za mwanzo. Kampuni ni ile ile na jina ni lile lile. Kilichobadilika ni inchi chache hapa na pale, na macho ya watu yameziona. Hata Makumbusho ya Sanaa za Kisasa ya New York, yalipoingiza E-Type kwenye hazina yake mwaka 1996, yalichukua ya 1963.

Nitaje kwa kifupi Mercedes-Benz 300 SL ya 1954, ile ya milango inayofunguka kwenda juu. Watu hudhani milango ile ilibuniwa kwa ajili ya kushangaza. Ukweli ni kwamba shasi yake ilifumwa kwa mabomba membamba ili iwe nyepesi na ngumu, na mabomba hayo yalipanda juu ubavuni, pakawa hapana nafasi ya mlango wa kawaida. Mlango ukalazimika kuanzia kwenye paa. Injini nayo ililazwa ubavu ili boneti ishuke. Waliowahi kukaa Matondoni, kule Lamu, wakatazama mafundi wa majahazi kazini, wanajua ninachosema: mkunjo wa mbao ubavuni mwa jahazi umeamuliwa na bahari na mzigo, na jahazi linapendeza hata kwa mtu asiyejua kusafiri.

Sasa nije kwenye gari ambalo sisi wa Afrika Mashariki tuna haki ya kulizungumzia kama letu, Datsun 240Z. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, kwao likiitwa Fairlady Z. Umbo lake lilitoka kwa kikosi kilichoongozwa na Yoshihiko Matsuo, na aliyelipigania soko la Marekani ni Yutaka Katayama. Injini ni silinda sita kwa mstari, lita 2.4. Gari lote lina uzito wa tani moja na ushei mdogo. Marekani liliuzwa dola 3,526, bei ambayo mtu wa mshahara aliweza kuifikia, wakati magari mengi ya Ulaya yenye silinda sita na umbo la namna hiyo yalikuwa ya matajiri.

Likaja kwetu kufanya kazi. Safari Rally ilianza 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kufikia miaka ya sabini viwanda vya dunia nzima vilikuwa vinakuja kujipima kwenye vumbi na matope yetu. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda na 240Z, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Mwaka 1973 Mehta akashinda mwenyewe, akiwa na Lofty Drews. Alilingana pointi na Harry Källström, aliyekuwa na Datsun pia, na ushindi ukaamuliwa kwa kutazama nani alikaa muda mrefu zaidi bila kuadhibiwa. Gari la 1971 limehifadhiwa na Nissan, kampuni iliyotengeneza Datsun, huko Japani. Nawaomba vijana mtafute picha zake za mashindano. Limejaa tope mpaka kwenye paa, bodi imegongwa, mbele limefungwa taa kubwa za usiku, na bado ni zuri. Umbo linaloendelea kupendeza likiwa na bati lililobonyea halikutegemea mng'aro wa rangi.

Kuna moja hapa nje, ya rangi ya machungwa. Nimewahi kukata kutu kwenye sakafu za magari ya aina hii, chini ya betri na kwenye vizingiti vya milango, ndiko yanakooza, kwa hiyo nayajua upande mbaya pia. Lakini nataka niwaeleze madigadi ya mbele. Taa imezamishwa ndani ya shimo refu. Kutoka ukingo wa shimo hilo bati linapanda polepole juu ya gurudumu, linashuka kidogo kuelekea mlangoni, linanyooka kwenye kitasa, halafu linapanda tena juu ya gurudumu la nyuma. Ukipitisha kiganja kutoka mbele hadi nyuma hukutani na mahali pa kukatisha. Mnyoosha bodi hulipima kwa taa: unaiwasha tyubu ndefu juu ya gari na kutazama mwanga wake ukitembea kwenye rangi. Mwanga ukivunjika, puti yako, ule udongo wa kujazia mabonde ya bati, ni mbaya. Kwenye madigadi ya 240Z hakuna pa kujificha, kwa sababu aliyeichora hakukata mistari ya kuficha makosa ya fundi. Inachukua siku nyingi kuipata sawa. Na urefu ule wa boneti mbele ya kioo una sababu ile ile ya Jaguar: silinda sita kwa mstari ni kitu kirefu, nao waliisukuma nyuma ya ekseli ya mbele ili uzito ukae sawa, kisha dereva akakaa karibu na gurudumu la nyuma, mahali anapolihisi gari likianza kuteleza.

Linganisha na pande la gari la sasa. Mashine za kukanda bati zina uwezo mkubwa, kwa hiyo wachoraji wanakunja mstari ndani ya mstari, mwingine unaanzia kwenye taa na kufia katikati ya mlango bila sababu. Bati lenyewe mara nyingi ni la chuma kigumu sana ambacho nyundo hairudishi. Unaliondoa zima na kuagiza jingine. Sisemi hilo ni kosa la kiwanda, maana chuma hicho kinaokoa maisha. Nasema tu kwamba umbo ambalo mkono wa mtu hauwezi kulirudisha linaanza kuwa geni kwa mtu.

Lazima nitende haki hapa, kwa sababu nimeona wapenzi wa magari ya zamani wakiyatukana ya sasa bila kujua yamefikaje hapo. Ulaya, kuanzia 2005, muundo mpya wa gari ulipaswa kupimwa kichwa cha mtembea kwa miguu kinapogonga boneti, na ili kichwa hicho kisikutane na injini ngumu, lazima pawepo na nafasi katikati. Boneti ikapanda. Nguzo za kioo cha mbele zikanenepa ili zibebe paa gari likipinduka. Milango ikajazwa vyuma vya kuzuia kugongwa ubavuni, madirisha yakapungua kimo. Mwili ukishapanda juu hivyo, magurudumu ya zamani yanaonekana madogo, kwa hiyo E-Type iliyovaa rimu za inchi 15 ikapata mrithi, F-Type, inayoweza kuvaa za inchi 20. Uzito ukafuata: E-Type za kwanza ni kama kilo 1,250, F-Type ya silinda nane inazidi 1,600. Nguvu nayo ikataka matundu zaidi ya kupoza.

Yote hayo nayakubali. Nimepokea gereji magari yaliyotoka kwenye ajali, na nimeona kiti cha dereva cha gari la zamani kilivyofanywa na usukani. Mtoto wangu akisafiri usiku kwenda Mombasa, nataka awe ndani ya gari la sasa lenye mifuko ya hewa na breki za ABS. Sheria zile ziliandikwa kwa damu ya watu, na hakuna mkunjo wa bati wenye thamani ya mtu.

Ninachokikataa ni yale ambayo hakuna sheria iliyoyataka. Hakuna sheria iliyosema taa zitengenezwe kama macho ya mtu mwenye hasira. Hakuna iliyotaka plastiki nyeusi ibandikwe kwenye bampa ya nyuma ionekane kama tundu la upepo. Toyota Supra ilipotoka 2019 ilikuwa na matundu kadhaa yaliyozibwa, na Toyota wakaeleza kwamba yanaweza kufunguliwa gari likiandaliwa kwa mashindano. Nakubali maelezo yao, na gari lenyewe ni zuri kuendesha. Lakini mwenye gari lile la barabarani amenunua tundu lisilopitisha upepo, na akilitazama kila asubuhi, jicho lake litalijua. Hapo ndipo mapenzi yanapoanza kupungua, gari likiwa bado linalipiwa mkopo.

Kuna wanaosema haiwezekani tena, kwamba sheria na uzito vimefunga mlango. Mazda MX-5 iliyotoka 2015 inawajibu. Inapita sheria zote za leo na ina uzito unaokaribia ule wa 240Z. Mistari yake ni michache, madigadi yake yanapanda juu ya magurudumu na dereva anayaona akiwa kwenye kiti, jambo linalomsaidia kujua gari liko wapi barabarani. Alpine A110 ya Ufaransa, iliyorudi 2017 baada ya ile ya zamani iliyoshinda mbio za Monte Carlo 1971 na 1973, ina kilo kama 1,100. Na Porsche 911 imekuwa ikionyesha paa lile lile linaloteremka hadi mkiani tangu Ferdinand Alexander Porsche na wenzake walipoipeleka kwenye maonyesho ya Frankfurt mwaka 1963. Imenenepa, sikatai. Lakini paa linateremka vile kwa kuwa injini bado iko nyuma.

Viwanda vyenyewe vinajua. Mwaka 2014 Jaguar walikaa chini wakajenga E-Type sita za mashindano, zile nyepesi za alumini, kwa kutumia namba za shasi zilizotengwa 1963 ambazo magari yake hayakuwahi kujengwa. Nissan walipoleta Z mpya, paa lake na taa zake za mbele zilichorwa mbele ya picha ya 240Z, na hawakuficha. Mtu harudi nyuma miaka hamsini kutafuta msaada mahali ambapo hapana kitu.

Nimalizie na ombi kwa mafundi vijana na kwa wenye magari, kwa sababu kila mwezi naletewa gari lililoharibiwa na mtu aliyelipenda. Kabla hujakata madigadi ili uingize rimu kubwa, pima. Chukua kadibodi, kata kigezo cha mkunjo kwa upande mzima wa gari, andika tarehe na upande, utundike ukutani. Ukishaondoa bati lile, hakuna mahali pengine kipimo chake kilipoandikwa, dukani hakiuzwi. Usijaze puti pale panapohitaji nyundo. Bampa nyembamba za zamani usizitupe hata kama zimeota kutu, zipo karakana zinazoweza kuzipiga kromu upya. Na wewe mwenye gari, ukimkuta fundi anakwambia kazi ya madigadi ni ya siku mbili, mwulize atatazama mwanga wake kwa tyubu gani.

Mwenye ile Datsun ya machungwa ameniruhusu niifungue boneti, na amekubali vijana wapitishe kiganja kwenye madigadi, upande wa kushoto, ambao ni bati la kiwandani. Tutaenda kwa makundi ya watu wanne. Vueni pete, saa na mikanda yenye vyuma kabla ya kusogea, na anayetaka kujaribu kukata kigezo, kadibodi na mikasi viko mezani. Asanteni.